Ua la Kumaliza Matanga

"Ekaju, wewe unarithi mjane au unarithi debe?"

Ndivyo jirani yao Nanjala alivyomuuliza siku ile alipomkuta uani kwa marehemu kaka yake, amelikumbatia debe lenye mti wa maua uitwao haibiskasi, jasho linamtiririka. Kisha akacheka, akacheka kupita mzaha wenyewe.

Ekaju alizidi kulikumbatia debe lake. Acha watu wa kijiji chao cha Sikuda waseme. Kaka yake Ojulong alifariki mwaka wa Uhuru, na wazee walikwisha kukata shauri: mjane, Akongo, ataingia kwa Ekaju kama ilivyo desturi. Akongo hakubisha. Aliomba jambo moja tu, mbele ya wazee na katekista. Mti ule Ojulong aliuleta kutoka Tororo, kwenye bustani ya Mzungu aliyemfanyia kazi, akafa kabla hajauona ukichanua.

"Ua la kwanza nitamlazia kaburini," alisema. "Hapo matanga yamekwisha. Mnichukue."

Nani angemkatalia mama wa kanisa neno kama hilo?

Basi Ekaju akawa mtu wa kungoja, na kungoja hakukuweza. Kila alfajiri alipita kuchungulia. Mti ulinawiri, majani yanang'aa, matumba yanachungulia mekundu. Akirudi, yako chini.

"Ni mti wa kudekezwa, shemeji," Akongo alimweleza. "Jua kali hauwezi, baridi hauwezi."

Kwa hiyo asubuhi debe lilitolewa uani, adhuhuri likaingizwa ndani, jioni likapelekwa barazani, na wingu likitanda likaingizwa tena. Ekaju alipoona mama wa watu anavyoinamia mzigo ule, huruma ikamshika. Akaanza kulibeba mwenyewe. Akongo alimshukuru, akamwombea kwa Mungu.

Matumba yakazidi kuanguka. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba labda marehemu hajakubali. Ekaju usingizi ukampaa. Hata kanisani alikaa upande upande, macho mlangoni, akiwaza kama debe liko juani au kivulini.

Mwishowe akapata dawa: toroli. Debe likisukumwa polepole, matumba hayatatikisika. Na Nanjala alikuwa nayo, nyuma ya jiko lake.

Alikwenda kuiazima. Akaishika toroli mikono, akainua macho, akaganda. Ukutani pale ulisimama mti wa haibiskasi, umepandwa ardhini, umewaka maua mekundu, mapana kama visahani.

Aliuliza anaulisha nini.

"Niulishe nini?" Nanjala alisema, akiendelea kupepeta wimbi. "Kijiti alinikatia Akongo mwenyewe. Akanionya neno moja tu: ukishaona matumba, usiusogeze hata kidogo. Mti huu ukihamishwa, unayatupa yote."

Ekaju aliiachia mikono ya toroli, akatoka.