Beth na Ubao wa Tanga

Beth alianguka kutoka juu ya ubao wa tanga akatumbukia bwawani mara ya nne alasiri hiyo, tanga likamfunika, na alipotoa kichwa nje jambo la kwanza alilosikia ni sauti ya Mzee Amin kutoka kwenye ukuta wa bwawa.

“Umeangalia kulabu ya mkanda tena.”

“Nisipoiangalia nitaionaje?”

“Huioni, mwanangu. Unaisikia kiunoni. Macho mbele, kamba itakuja yenyewe.”

Beth aliuvuta ubao karibu. Alikuwa amechoka mpaka kope. Tangu alfajiri alikuwa ghalani Kathonzweni akipepeta ndengu za watu, na vumbi la ndengu lilikuwa limemwingia kifuani likakataa kutoka. Daktari alimwambia waziwazi: tafuta kazi nyingine, mama, kifua hiki hakitakungoja. Kusema ni rahisi. Kazi nyingine iko wapi Makueni hii, mwaka wa pili bila mvua ya maana?

Ilikuwa Kilifi. Kila Agosti shule moja ya michezo ya majini huko ilichukua mwalimu mmoja wa ubao wa tanga, na haikuchukua aliyefikisha miaka thelathini. Beth angefikisha Septemba. Mzee Amin alikuwa amefanya kazi hiyo hotelini miaka ishirini kabla ya kumfuata mkewe huku bara, na ubao wake wa zamani ulikuwa umelala tu juu ya dari ya duka lake la viungo. Watu walicheka sana. Mwanamke wa Kathonzweni, na tanga! Walicheka mpaka wakachoka, Beth akiwa bado anaanguka.

Bwawa nalo lilikuwa na wenyewe. Kamati ilimkubalia kwa sharti moja: upande wanakonywea ng'ombe, tanga lisifike likiwa limesimama, maana ng'ombe wa mfugaji mmoja, Munyao, waliliona siku ya kwanza wakatimua mbio hadi barabarani. Basi utaratibu ukawa huo. Beth anaondoka upande wa ng'ombe kwa kasi, anafika mbele ya ukuta aliposimama Mzee Amin, anageukia kushoto, upepo unakotaka, anarudi. Akikaribia ng'ombe anashuka kwenye tope, analaza tanga, anaugeuza ubao kwa mkono, anawasalimu wachungaji, anapanda upya. Kwenda na kurudi, miezi kumi na mmoja, Jumapili tu ndiyo alipumzika.

Kugeuka kwenyewe kulikuwa kazi ya kumtoa mtu roho. Unaitoa kamba kwenye kulabu ya mkanda wako, unauinamisha ubao kushoto kwa vidole vya miguu, upepo unakupitia mgongoni, unabadilisha miguu, unaliachia tanga lizunguke, unalidaka upande wa pili. Hadi hapo Beth alikuwa sawa. Shida ilikuwa kuirudisha kamba kwenye kulabu kabla kasi haijafa. Kila mara shingo ilimwinama yenyewe kuitafuta, ubao ukapiga breki, akaogelea.

Wiki ya mwisho Mzee Amin alimfunga macho kwa kitambaa.

“Unataka nife, Mzee.”

“Nataka upate kazi.”

Siku tatu alikunywa maji ya bwawa kama ndama. Siku ya nne tanga lilizunguka, akalidaka, akalivuta karibu kidogo, akainua kiuno, na kamba ikaingia kwenye kulabu bila kuulizwa. Uzito wote ukahamia kwenye mkanda. Mikono iliyomuuma mwaka mzima ikapumzika, na Beth akalia ndani ya kitambaa, kwa uchovu zaidi kuliko furaha. Alirudia mara kumi siku hiyo. Hakuanguka hata mara moja.

Mzee Amin alikaa chini ukutani akajipangusa uso.

“Mimi nimemaliza,” alisema. “Sina tena la kukufundisha.”

Naye alisema kweli tupu, kadiri alivyoona kutoka pale ukutani.

Kilifi walikuja watatu kugombea nafasi ile moja. Wawili wa kwanza, vijana wa pwani wenye mabega mapana, waliinama kutafuta kulabu na kasi ikawafia. Mtahini, bwana mmoja aliyeitwa Fahim, aliwafuata kwa boti ya injini akiandika daftarini.

Beth alipanda ubao akiwa amelala saa mbili tu. Kifua kilimkwaruza. Maji ya ghuba yalikuwa mapana kuliko alivyowahi kuota, lakini upepo ulikuwa upepo. Alikwenda kasi mpaka Fahim alipopunga bendera, akauinamisha ubao kushoto, akaliachia tanga, akalidaka, na macho yake yakiwa mbele kabisa kamba ikaingia mahali pake. Ubao haukupunguza kasi hata kidogo.

Boti ilimsogelea. Fahim alikuwa amefunga daftari, akicheka.

“Dada, miaka mitano sijaona mtu akifanya hivyo,” alisema. “Nafasi ni yako. Nionyeshe tu unavyogeukia upande wa kulia, halafu tukanywe chai.”

Beth hakuwa amewahi kugeukia kulia maishani mwake; kona ya kulia ilikuwa kule kwa ng'ombe, alikokuwa akishuka topeni.