Bangili ya Marehemu Mama

"Nikiwasha umeme, hairudi tena kuwa bangili," sonara alisema. "Itayeyukia humu kwenye asidi, kisha nitaitoa dhahabu safi niwagawie nusu kwa nusu. Mmekubaliana?"

Alikuwa mjomba wao. Wateja wake hao wawili, mtu na dada yake, hawakuwa wamepeana hata salamu tangu mazishi ya mama yao, kila mmoja akidai bangili ni yake.

"Washa, mjomba," mkubwa alisema. Mdogo alitazama pembeni, akaitikia kwa kichwa.

Mjomba akabonyeza swichi. Bangili ilikuwa inaning'inia kwenye waya ndani ya bakuli la kioo. Punde rangi ya manjano ikaanza kuteremka kutoka ukingoni mwake, taratibu, kama moshi unaoelekea chini.

Mdogo akasogea. "Mjomba, hivyo vishimo kwenye bangili ni vya nini?"

"Ni meno. Ya ninyi wawili. Mlipokuwa mnaota meno, mama yenu aliwaachia mkono wake, mkaing'ata bangili mpaka usingizi ukawachukua."

Vishimo vilikuwa vinafifia.

Mkono wa mkubwa ukaifuata swichi, ukakuta wa mdogo umeshafika. Wakazima pamoja.

Mjomba akaitoa bangili, akaisuuza, akaiweka mezani. Ilikuwa imekonda.

"Chukua, dada," mdogo alisema huku akilia.

"Nichukue vipi? Wewe ndiye uliyemuuguza mama."

"Na wewe ndiye mkubwa. Chukua!"

Mjomba akavua glavu, akavuta kiti, akakaa kuwasikiliza.