Chini ya Jani la Mchungwa

Katika shamba lile la michungwa, dawa haikuruhusiwa kupulizwa kabla shangazi hajakagua majani.

Asubuhi hiyo aligeuza jani. Wadudu wekundu wenye madoa meusi, wale wanaokula vidukari, walikuwa wamekufa miguu juu. Vidukari wenyewe, waliokwisha kuizoea dawa, walinyonya utomvu kwa raha zao.

"Nani amepuliza?"

"Mimi, shangazi," mpwa wake akajibu. "Si mdudu ni mdudu tu?"

"Basi na askari na mwizi wote ni watu tu! Umewaua askari wetu, mwizi ukamwachia funguo. Mavuno nani atayalinda, wewe?"

Akamvua bomba la dawa mgongoni, akampa ndoo ya maji ya sabuni na kitambaa.

"Wafute vidukari, jani kwa jani."

Jua lilipotua, vidole vya mpwa vilikuwa vimechubuka, naye yungali kwenye mti wa tatu.