Bahasha ya Bibi Mwantumu

Mtaani kwetu hakuna anayeijaza bahasha yake kama mimi. Siku hizi majedwali ya serikali yaliyoonyesha nani ni ndugu ya nani yamefutwa. Kila mtu ana bahasha ya mwanga inayoelea juu ya kichwa chake kama kipepeo mvivu, na humo anaandika apendavyo. Usiyemwandika, kiserikali humjui.

Nilikwenda zahanati kumchukua bibi yangu, Mwantumu. Nesi Tunu akaifungua bahasha ya bibi, chumba kikajaa mwanga wa rangi ya asali. Ndani yake mlikuwa na jino langu la kwanza, nyimbo zangu za kuogea, hata woga wangu wa kuku.

"Haya, yako sasa, kaka."

Yangu ilikuwa na mabao yangu yote, paka watatu na picha za chapati.

"Bibi hayumo," nesi akasema. "Basi ataenda nyumba ya wasio na watu."

Nikageukia ukuta, nikaandika haraka kwa kidole ndani ya mwanga wa bahasha yangu: Bibi yangu, tangu nizaliwe.

"Yumo, dada. Alijificha nyuma ya chapati."

Nesi alipoinama kutazama, bibi alikuwa ameshanisogelea, macho yake kwenye kidole changu kilichokuwa bado kinawaka.

"Puliza kwanza, mjukuu wangu," akaninong'oneza. "Maandishi hayajakauka."