Maji ya Kupima

Hemedi, afisa mazingira wa halmashauri, aliingia ofisini koo limemkauka kwa jua. Mezani palikuwa na chupa ya maji. Akaifungua, akanywa mpaka ikabaki robo, ndipo akamwona mwanamke aliyekaa kwenye benchi nyuma ya mlango.

“Samahani, mama, sikukuona. Karibu.”

“Nimeshakaribia, baba. Naitwa Sikudhani, natoka kule bondeni. Nimeleta maji ya mto uyapime.”

“Yako wapi?”

Sikudhani akaitazama chupa. Hemedi naye akaitazama.

“Nimeyachota chini ya kiwanda cha ngozi,” mama alisema taratibu. “Pale mbuzi wangu wanne walipokunywa wakafa.”

Hemedi akalamba midomo. Maji yale hayakuwa na ladha yoyote. Au yalikuwa nayo. Sasa hakuwa na hakika. Akavuta faili, akatoa nakala ya barua aliyoiandika mwezi uliopita bila kutoka kwenye kiti hiki: maji ya mto ni salama kwa matumizi ya watu na mifugo. Sahihi ilikuwa yake. Akaisoma mara mbili, kama barua aliyoandikiwa na mtu asiyemfahamu.

“Hiyo tulisomewa mkutanoni,” alisema Sikudhani. “Si ulisema ni salama?”

“Nilisema.”

“Basi mbona unatoka jasho?”

Hemedi alikizungusha kizibo kwenye chupa, kikakataa kukaa.

“Mama, hao mbuzi,” aliuliza, “walichukua muda gani?”

Sikudhani akainua macho, akaitazama saa ya ukutani.