Mama wa Kambo wa Dunia Nzima

"Kitabu hiki kina mama wa kambo?"

"Hakina," muuza vitabu akajibu. "Kina sungura mjanja."

"Sungura nimpeleke wapi? Nitafutie chenye kambo."

Muuza vitabu alimdhania mteja huyu kuwa mpenzi mkubwa wa ngano za mataifa. Za nchi za theluji alishazibeba, za jangwani pia, sasa anataka za visiwani. Mpenzi wa ngano, wapi! Mshonaji huyu alikuwa vitani. Mtalaka wake ameoa tena, na likizo ikifika binti yao ataenda kukaa huko. Mama alitaka mtoto akatae mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya baba yake. Kumsengenya mwanamke mwenzio kwa jina ni aibu, watu watasema wivu. Acha mataifa yakusemee.

Basi kila jioni cherehani ikinyamaza, alisoma. Na kusoma alijua, tusimwonee. Kambo wa theluji alimpa sauti ya puani, wa jangwani akampa kikohozi. Huyu anamnyima mtoto chakula, yule anamtuma akateke maji kwa chekeche, mwingine anamgeuza ndege. Lugha mbalimbali, roho mbaya ileile. Mama mtu alifurahi mpaka akasahau kula.

"Mama mzazi wa huyo mtoto alikufa kwa ugonjwa gani?" binti aliuliza.

"Homa, sijui. Hapo mwanzo si muhimu. Sikiliza kambo anavyoingia."

Siku zikaenda, binti akaanza kumganda. Mama akipiga chafya tu, mtoto machozi yanamlengalenga. Dawa imekubali, mama akajisemea, akaenda kuongeza kitabu.

Likizo ikafika. Baba mtu alipobisha hodi, mama alimfungulia kwa tabasamu ambalo hakuwahi kumpa siku zote za ndoa yao.

"Karibu. Muulize mwenyewe kama anataka kwenda."

Kabla hajaulizwa, binti akatoka chumbani anakokota begi, nguo zake zote ndani. Mkononi ana kitambaa alichokidarizi maua.

"Hiki cha mama mdogo," akasema.

Tabasamu likamkauka mama. "Nani kakutuma umpelekee zawadi?"

Binti akamkumbatia kiunoni, akaangua kilio.

"Nataka anipende mapema, mama. Kwenye hadithi zote, wewe unakufa ukurasa wa kwanza."