Mzee wa Mlangoni

"Rudisha hiyo sweta kwa kamba."

"Mama, si nivae tu kidogo? Kifua kinaniuma."

"Hiyo ni ya mume wangu. Yako ilienda wapi, ulibadilisha na pombe?"

Muiruri, mstaafu wa reli, akaivua ile sweta polepole, mkono mmoja kisha mwingine, akamkabidhi Wawira. Wawira akaikung'uta kana kwamba ina viroboto, akaingia nayo ndani, akafunga mlango. Ploti nzima ya vyumba vya kupanga, pale mtaa wa Rhonda, ilikuwa imesikia. Wanawake waliokuwa wakifua waliinamisha vichwa kwenye beseni zao. Ni Lewis peke yake aliyecheka, mpangaji aliyehamia wiki hiyo.

Ilikuwa Julai, na baridi ile ya Nakuru, inayoteremka kutoka mlima Menengai jioni na kukataa kuondoka, ilikuwa imeshafika. Julai iliyopita Muiruri alilazwa na nimonia. Daktari hakumficha: ikirudi tena, mzee, hatutakuwa na la kufanya. Akakunja mikono kifuani, akaketi kwenye ngazi ya mlango uleule aliofungiwa.

"Buda, si uende kwako?" Lewis akasema. "Bibi ya mtu utamkalia mlangoni mpaka lini?"

"Bado hajaanza kupika."

"Kumbe ni njaa. Na mimi nilidhani ni mapenzi."

Zeddy wa nyumba ya pili akamkata jicho. "Wewe juzi tu ndio umeshusha godoro lako hapa. Punguza mdomo." Kisha akamwinamia mzee. "Guka, njoo kwangu unywe chai."

"Asante, mama. Akifungua anikose, atapiga komeo mpaka asubuhi."

Zeddy hakubisha. Alivua leso yake, akamfunika mabega, akaenda zake bila kumtazama usoni.

Giza likaanza kuingia, na kikohozi nacho. Muiruri akabisha hodi.

"Nani?"

"Jirani."

"Jirani hana jina?"

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Mwezi uliopita alilijibu swali hilo kwa ukweli, na Wawira akapiga nduru ya mwizi mpaka vijana wa barabarani wakaja na mawe.

"Jirani tu, mama."

Mlango haukufunguka. Ikabaki kungoja. Wawira alilelewa Subukia, kwa mama ambaye hakuwahi kumfukuza mtu aliyekutwa mlangoni chakula kikipakuliwa, awe adui, awe mlevi. Hilo halikuwa limemtoka. Mengine, Mungu ndiye anajua.

Hatimaye mwiko ukagonga sufuria. Muiruri akainuka kwa kushikilia ukuta, akajipangusa machozi ya kikohozi, akasimama pale ambapo taa ingempata.

Mlango ukafunguka. Joto la jiko likamgusa uso. Wawira, sahani mkononi, akamkagua kuanzia viatu hadi mvi, kisha akashusha pumzi.

"Bado uko hapa? Haya, ingia ule, mzee, usinifie mlangoni. Lakini kaa kwa stuli. Hicho kiti kikubwa ni cha Muiruri wangu. Anatoka kazi ya reli saa hii hii, na hapendi kukuta wanaume kwake."